Simu mbili kwa mama mmoja: uchambuzi wa kisa cha presha baada ya kujifungua, zahanati ya kando ya ziwa

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi wa zahanati, madaktari wa zamu na wasimamizi wa afya wa kaunti wanaotumia tiba mtandao au wanaojiandaa kuianzisha. Majina ya watu na vituo, tarehe na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Saa, vipimo na dozi vimeachwa, kwa sababu funzo lenyewe limo humo.

## Usuli

Zahanati ni ya daraja la pili, kwenye uwanda wa chini karibu na Ziwa Victoria, magharibi mwa Kenya. Ina wauguzi wawili, na siku ya kisa mmoja alikuwa likizoni. Hospitali ya daraja la nne inayopokea rufaa zake iko umbali wa kilomita 41. Kilomita 16 za mwanzo ni udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hunasa hata trekta. Umeme ni wa sola: unatosha friji ya chanjo, taa na kuchaji simu. Mtandao wa 3G hupatikana nje karibu na ua. Ukiingia chumba cha matibabu, chini ya bati, unabaki na simu ya kawaida tu, na hata hiyo ukisimama dirishani.

Mpango wa tiba mtandao katika eneo hili hauna programu maalumu wala kompyuta. Hospitali imetenga simu moja ya zamu inayokaa wodi ya wazazi. Mwenye zamu akiondoka humkabidhi anayeingia, kama anavyokabidhi funguo za kabati la dawa. Namba yake imebandikwa ukutani katika zahanati zinazoizunguka. Muuguzi akikwama hupiga, wakazungumza kwa sauti, kwa video au kwa picha. Kisheria huduma ya namna hii inatambulika: Sheria ya Afya ya 2017 inaitaja tiba ya mbali kwa jina, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeweka masharti ya kutunza taarifa zinazopita humo. Sheria hizo hazikuja na bando, jambo tutakalolirudia.

Mgonjwa ni mama wa miaka 22 aliyejifungua mtoto wa kwanza kwa njia ya kawaida, katika kituo cha afya kingine. Kliniki zote za ujauzito presha yake haikuzidi 130/84. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, saa 26 baada ya kujifungua, ilikuwa 138/88. Iliandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto, ikaachwa hapo.

Namba hiyo ndiyo mwanzo wa kisa. Presha ya mzazi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, maji yaliyojikusanya mwilini wakati wa ujauzito yanaporudi kwenye mishipa ya damu. Kwa hiyo mama anayetoka na 138/88 leo anaweza kuwa na 150 au 170 keshokutwa, akiwa nyumbani, mbali na mashine yoyote. Shirika la Afya Duniani linataka mzazi aonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua. Mama huyu hakuonwa.

## Mfuatano wa matukio

Siku ya nne, saa 3:10 usiku. Mama analalamika kichwa kinamgonga tangu mchana. Dada wa mume wake anapiga simu kwenye huduma ya kibiashara ya ushauri wa daktari kwa simu. Akaunti ni ya mume, aliye kazini mji mwingine, hivyo kwenye skrini ya daktari anayejibu inaonekana rekodi ya mwanamume wa miaka 31. Dada anasema, "mgonjwa kichwa kinamuuma, hana homa, anakula kidogo." Daktari anauliza kuhusu homa, kutapika na shingo kukakamaa. Anashauri parasetamoli, kunywa maji na kupima malaria asubuhi. Mazungumzo yanachukua dakika sita. Neno "amejifungua" halikutamkwa na yeyote.

Siku ya tano, saa 2:15 asubuhi. Mhamasishaji wa afya ya jamii anapita kumwona mtoto. Anasikia habari ya kichwa, anatoa mashine ya presha kwenye mkoba wake, anapima: 164/108. Anaita boda boda na kuandamana nao mwenyewe, kwa kuwa mama mkwe alitaka wasubiri jua lipoe.

Saa 3:05. Wanafika zahanati. Muuguzi anamketisha mama, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, dakika tano bila kuzungumza. Mkanda wa mashine unamtosha. 172/114. Anarudia baada ya dakika 15: 170/112. Mkojo kwenye karatasi ya kupimia unaonyesha protini +++. Mama anasema anaona vimulimuli. Goti likigongwa linaruka kwa nguvu kuliko kawaida. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu.

Saa 3:28 na 3:31. Muuguzi anajaribu simu ya video mara mbili. Ya kwanza haiungi. Ya pili inaunga, picha inaganda, sauti inakatika kila neno la tatu.

Saa 3:36. Anaacha video, anapiga simu ya kawaida. Daktari wa zamu anapokea. Muuguzi anatoa taarifa kwa mpangilio: ni nani, amejifungua lini, vipimo gani, ameona nini, anahofia nini, anaomba nini. Daktari anaagiza nifedipini (dawa ya kushusha presha) ya miligramu 10 ya kufanya kazi haraka, magnesiamu salfeti (dawa ya kuzuia degedege) dozi ya kuanzia, na rufaa mara moja.

Saa 3:44. Muuguzi anatoka hadi uani, anatuma picha tatu: rafu ya dawa za presha, ukurasa wa kijitabu na ile karatasi ya mkojo. Kwenye picha ya rafu daktari anaona boksi la nifedipini limeandikwa "retard 20 mg", yaani ile inayoyeyuka polepole. Anabadilisha agizo: methyldopa miligramu 750, vidonge vitatu vya 250.

Saa 3:48. Daktari mwenyewe, kwa simu nyingine, anaomba ambulensi ya kaunti. Iko safarini na mgonjwa mwingine.

Saa 3:55. Methyldopa inamezwa.

Saa 4:02 hadi 4:25. Magnesiamu salfeti inatolewa, simu ikiwa kwenye spika juu ya dirisha na daktari akihesabu dakika.

Saa 4:30. 164/108. Saa 5:00. 162/106. Pumzi 18 kwa dakika, goti bado linaitika, ishara kwamba magnesiamu haijazidi.

Saa 5:40. Ambulensi inafika ikiwa na mhudumu wake. Presha 156/102. Wanaondoka saa 5:50 wakiwa na mtoto na mama mkwe.

Saa 7:05 mchana. Wanapokelewa hospitalini, presha 152/100. Mama hajapata degedege.

## Maamuzi na sababu zake

Kutibu kwanza, kusafirisha baadaye. Presha ya 160/110 na zaidi, pamoja na protini na dalili za kichwa na macho, ni hali ya hatari inayotangulia kifafa cha mimba. Kikiitwa "cha mimba" watu hudhani kinaisha mtoto akitoka, ilhali kinaweza kumpata mzazi siku na hata wiki kadhaa baadaye. Safari ya zaidi ya saa moja bila dawa ni nafasi ya kupata degedege ndani ya gari, kwenye tope. Utafiti uitwao Magpie, uliochapishwa 2002 na kuhusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa magnesiamu salfeti hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: pasipoweza kutolewa dozi zote, toa ya kuanzia kisha mpeleke mgonjwa mbele.

Dozi ilivyopimwa. Ampuli za zahanati ni za asilimia 50, mililita 10, zenye gramu 5 kila moja. Zilikuwapo nne, tatu zinatosha. Za mshipani ni gramu 4: vuta mililita 8 za dawa, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20 za asilimia 20. Penye mabomba ya mililita 10 tu, gawa mara mbili: mililita 4 za dawa na 6 za maji katika kila bomba. Sukuma taratibu. Mwongozo hauruhusu chini ya dakika 5, na daktari huyu alitaka 15 kwa kuwa muuguzi alikuwa peke yake na asingeweza kusukuma huku akitazama pumzi. Za msulini ni gramu 10: ampuli moja nzima kila tako, ikichanganywa na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 ndani ya bomba lilelile, sindano ndefu, robo ya juu ya nje ya tako. Bila lignokeini maumivu ni makali kiasi cha mgonjwa kukataa tako la pili.

Hapa ndipo sauti mbovu ilipotaka kuleta balaa. Daktari alisema "gramu nne, mililita nane". Muuguzi alirudia agizo kama utaratibu unavyotaka, akasema "gramu nane". Daktari alimsimamisha, wakaandika upya: kila mmoja alitamka namba, kipimo na idadi ya ampuli atakazovunja. Hesabu ya ampuli ndiyo iliyomaliza ubishi. Kwa mshipani unavunja moja na kubakiza mililita 2. Ukijikuta unavunja ya pili, simama.

Kutosaga nifedipini. Katika vituo vingi vidonge vya retard husagwa ili vifanye kazi haraka. Kikisagwa, dawa iliyopangwa kutoka kwa saa nyingi hutoka kwa mkupuo, na presha inaweza kuporomoka bila kipimo. Methyldopa ilikuwa rafuni, tarehe haijapita, na miligramu 750 ni mojawapo ya dozi za kuanzia zinazokubalika. Si dawa ya kuendelea nayo baada ya kujifungua kwa sababu inahusishwa na huzuni ya wazazi, na hospitalini waliibadilisha. Kwa saa tatu za dharura ilikuwa dawa iliyopo, na hicho ndicho kigezo.

Kutoa magnesiamu bila kalsiamu glukoneti mkononi. Kalsiamu, gramu 1 yaani mililita 10 za asilimia 10 zinazosukumwa polepole, ndiyo inayorudisha pumzi ya mgonjwa magnesiamu ikizidi. Zahanati ilikuwa na ampuli moja iliyopitwa na tarehe. Daktari aliamua kuendelea. Mama alikojoa vizuri saa moja kabla, pumzi zilikuwa 20, goti linaitika, na ilikuwa dozi moja tu. Madhara hujitokeza zaidi kwenye dozi za kurudia, hasa figo zikiwa dhaifu. Aliiagiza ambulensi ibebe kalsiamu. Ni uamuzi wa kupima hatari mbili, na kwa maoni yetu ulipimwa sawasawa. Lakini haukupaswa kuwapo: ampuli moja hai ingeufuta.

Kumsemesha mama mkwe. Alikuwa hataki safari. Mtoto mchanga, mvua, na binti "anaumwa kichwa tu". Daktari aliomba aletewe simu, akamsalimia kwa heshima, akazungumza naye kwa Kijaluo dakika tatu: kinachoweza kutokea usiku, hospitali itafanya nini, na kwamba mtoto ataendelea kunyonya. Mama mkwe ndiye aliyefunga mizigo.

## Matokeo

Hospitalini alipewa magnesiamu ya kuendelea, gramu 5 msulini kila saa nne, tako kwa zamu, kwa saa 24. Kabla ya kila dozi walihakikisha pumzi si chini ya 16 kwa dakika, goti linaitika na mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Chembe sahani za damu, figo na ini vilikuwa salama. Aliruhusiwa siku ya nne ya kulazwa akitumia nifedipini retard ya miligramu 20 mara mbili kwa siku, dawa isiyomzuia kunyonyesha.

Ufuatiliaji ulirudi kwa mhamasishaji: presha mara mbili kwa wiki, namba inatumwa kwa muuguzi kwa ujumbe mfupi, na ikifika 150/100 muuguzi anapiga simu ya zamu. Haikufika. Wiki ya sita ilikuwa 118/76 na dawa ikasimamishwa. Karatasi ya majibu ya rufaa haikufika zahanati. Muuguzi alijua mgonjwa wake amepona kwa kusimuliwa na mhamasishaji njiani.

## Uchambuzi

### Simu ya kwanza ilishindwa kwa sababu gani

Ni rahisi kumlaumu daktari wa usiku. Kwa alichokisikia, jibu lake lilikuwa la busara: mtu mzima, kichwa, hana homa, anaishi ukanda wa ziwa wenye malaria tele. Kasoro ilikuwa nyuma ya swali. Mfumo ulimpa mgonjwa asiye mgonjwa. Nchini kwetu simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na akaunti huwa ya anayelipa. Huduma inayodhani mwenye akaunti ndiye mgonjwa itakosea kila siku, na itakosea zaidi kwa wanawake na watoto kwa sababu wao ndio ambao wengine hupiga simu kwa niaba yao.

Marekebisho yake hayahitaji teknolojia mpya. Swali la kwanza liwe: anayeumwa ni nani, ana umri gani, ni wa kike au wa kiume, na yuko hapo azungumze mwenyewe? Akiwa mwanamke wa miaka 15 hadi 49, la pili: ana mimba, au amejifungua ndani ya wiki sita? Jibu likiwa ndiyo, na kinachouma ni kichwa, macho au chini ya kifua, mazungumzo hayafungwi kwa parasetamoli. Yanafungwa kwa kupima presha usiku huohuo kama kuna mashine karibu. Katika kijiji hiki mashine ilikuwapo, mkobani mwa mhamasishaji, umbali wa kutembea kwa miguu. Tangu 2023 wahamasishaji nchini wamegawiwa mikoba yenye mashine ya presha na simu, lakini huduma za ushauri za kibiashara hazina njia ya kuwaita. Saa 11 zilipita kati ya simu ya kwanza na kipimo cha kwanza.

Kuna maumivu ambayo hayatibiki kwa sauti peke yake, na ya kichwa cha mzazi ni mojawapo. Mashine za kielektroniki zenyewe mara nyingi husoma chini ya uhalisia kwa wagonjwa wa hali hii, sembuse sikio.

### Simu ya pili ilifaulu kwa nini

Kwa sababu upande wa mgonjwa kulikuwa na mikono iliyofunzwa, mashine, karatasi ya mkojo na dawa. Daktari hakuhitaji kumwona mama. Alihitaji namba nne sahihi na mtu wa kutekeleza. Wanaopanga bajeti za tiba mtandao huanza na skrini na kamera, na wangetenda vyema kuanza na kabati la dawa.

Video haikuchangia kitu ila kupoteza dakika. Simu ya kawaida hupitisha sauti kwa takribani kilobiti 13 kwa sekunde, wakati video inayoeleweka hutaka mamia, kwenda na kurudi, bila kukatika. Penye 3G ya uani, kuanza na video ni kuanza na kinachoshindwa kwa urahisi zaidi. Kinachofaa ni kinyume chake: sauti kwanza, picha za kusimama zikifuata, video mwisho na iwapo tu kuna cha kutazama kikitembea, kama mtoto anavyopumua au jeraha linavyofunguka. Picha moja ya rafu ilifanya kazi ambayo maelezo ya mdomo yasingeifanya, kwa sababu muuguzi alisema "nifedipini ipo", na ilikuwapo kweli. Picha ilionyesha ipi.

Simu ya zamu iliyo mali ya wodi nayo ilistahili sifa zaidi ya inayopata. Zahanati nyingi hutegemea namba binafsi ya daktari mmoja mwema. Daktari huyo akihamishwa, akilala au akiwa chumba cha upasuaji, mpango mzima unalala naye.

### Simu isiwe kibali

Hili ndilo linalotutia wasiwasi kuliko mtandao mbovu. Saa 3:25 muuguzi alikuwa na kila alichohitaji kuanza magnesiamu. Mwongozo unamruhusu kutoa dozi ya kuanzia bila kumwuliza mtu. Sindano iliingia saa 4:02. Katika dakika hizo 37, kumi na moja zilikwenda kwenye video na kwenye kupiga upya, na nyingi ya zilizobaki zilikwenda kwenye kusubiri kuambiwa.

Alisubiri kwa sababu inayoeleweka. Dawa hii aliitoa mara ya mwisho kwenye mafunzo, na inaogopesha. Simu ilimpa ujasiri, na huo ni mchango halisi. Lakini jambo lilelile likijirudia hugeuka mazoea: muuguzi hatendi mpaka daktari aseme, na siku mtandao ukikatika kabisa hatendi. Tiba mtandao iliyokusudiwa kupanua uwezo wa zahanati inaweza kuupunguza hivihivi, bila mtu kugundua.

Utaratibu uliobadilishwa baada ya kisa hiki ni huu: presha ikifika 160/110 mara mbili pamoja na dalili, muuguzi anavunja ampuli na kuchanganya dawa huku mtu mwingine, hata mhamasishaji, akipiga simu na kuiweka kwenye spika. Simu isipounga mpaka dawa iwe tayari bombani, sindano inaingia. Daktari anapopatikana anakuta kazi imeanza, naye anakagua dozi, anaongoza presha na kutafuta gari. Karatasi ya mchanganyo, yenye hesabu ya ampuli, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

### Kumbukumbu na siri

Muuguzi aliandika maagizo, saa na cheo cha aliyeagiza kwenye rejista na kijitabu. Upande wa hospitali hakikuandikwa kitu mpaka mgonjwa alipofika. Kama angepata madhara njiani, kungekuwa na ushahidi wa anayetekeleza na si wa anayeagiza. Sasa simu ya zamu inakaa na daftari lake: saa, kituo, umri, tatizo, agizo, jina la aliyetoa. Mistari michache inatosha.

Picha ya kijitabu ilikwenda ikiwa na jina la mama, kijiji na namba ya simu, kutoka simu binafsi ya muuguzi ambayo huhifadhi nakala mtandaoni yenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila picha ya kijitabu cha mama huyu ilikaa kwenye simu ambayo watoto wa muuguzi huchezea michezo. Njia ya kuepuka ni ya mkono: funika sehemu ya jina kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga picha, andika namba ya rejista pembeni, zima uhifadhi wa picha wa programu ya ujumbe, futa pande zote mbili ikishanakiliwa daftarini. Ridhaa ya mama iombwe kwa mdomo na iandikwe: "amekubali kushauriana kwa simu."

### Yaliyobaki pale pale

Ambulensi ilichukua karibu saa mbili, na simu haikuipunguzia hata dakika moja. Barabara ni ileile. Hesabu ya faida ni hii: magnesiamu iliingia saa tatu mapema kuliko kama ingesubiri hospitali. Hiyo ni faida kubwa, na ndiyo yote.

Muda wa maongezi na bando la picha vilitoka mfukoni mwa muuguzi, dakika 41 kwa jumla. Kiasi si kikubwa kwa siku moja, ila kwa mwezi wenye rufaa nyingi kinakuwa sababu ya kutopiga. Laini ya zahanati yenye muda wa maongezi uliolipwa na kaunti imeombwa, haijaja.

Mabadiliko mengine mawili yameshika. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi zahanati hutuma picha ya rafu ya dharura kwenye simu ya zamu, ikionyesha majina, nguvu na tarehe za kuisha, ili daktari asiagize kisichokuwepo. Kwa njia hiyo kalsiamu iliyopitwa na tarehe ilibadilishwa ndani ya wiki mbili. Na kituo chochote kinachomruhusu mzazi mwenye presha ya 130/80 na zaidi hutuma jina la kijiji na siku ya kujifungua kwa msimamizi wa wahamasishaji, ili apimwe siku ya tatu na ya tano nyumbani. Karatasi ya majibu ya rufaa bado haina mwenyewe. Wodi inasema ni kazi ya rekodi, rekodi wanasema ni kazi ya wodi.